Wafu Kushoto, Walio Hai Kulia

Jumatatu, 9 Novemba 1801

Mtoto wa Kapteni Thurlow hatulii. Nimechora mahakimu, wachungaji na bibi kizee mmoja aliyekuwa anatetemeka mwili mzima, na wote walitulia kitini kuliko huyu. Anaitwa Hepsy, ana miaka sita, jino la mbele limemtoka juzi, na ulimi wake hauna kazi nyingine ila kupapasa pengo. Dada yake Lois, wa miaka kumi na miwili, alisimama nyuma ya kiti akamshika kichwa kwa mikono yote miwili.

"Tulia, we panya," Lois alimwambia. "Baba akiiona picha atauliza mkia uko wapi."

"Baba hanijui mimi. Hata mkimchorea paka atakubali."

Mama yao, Bi Dorcas, alicheka nusu. Kapteni ana miaka mitatu kasoro miezi michache tangu aondoke kwenda Sumatra kutafuta pilipili manga, na siku ile Hepsy alikuwa bado anafungwa kamba kiunoni asiangukie motoni. Picha ndogo ya sura ya Lois anayo shingoni, niliichora mimi. Sasa ameandika kwamba atarudi barafu ikiyeyuka, na safari ijayo hatoki bila sura ya huyu mdogo, na nywele zake nyuma ya picha.

Bi Dorcas alikata kishungi cha nywele papo hapo kwa mkasi wangu. Ni kifupi, hakizidi kidole, maana walimnyoa Hepsy wakati wa joto kwa ajili ya chawa. Rangi ni ileile ya dada yake, rangi ya kitani kikavu, ila za Lois zinamfika kiunoni. Nilikikunja ndani ya karatasi nikakiweka kwenye sahani iliyo mkono wangu wa kulia.

"Andika jina, dada," alisema Achsah, mdogo wangu, akipita na kuni. Husema hivyo kila mara, na kila mara namjibu vilevile. Wafu kushoto, walio hai kulia. Nywele za aliye hai nazisuka na kuzilaza nyuma ya picha, chini ya kioo. Za aliyekufa nazikatakata, nazisaga kwa gundi mpaka ziwe rangi, na kwa rangi hiyo nachora kaburi na mti wa mwerebi ulioinamisha matawi. Miaka kumi na saba sijaandika jina wala sijakosea. Mkono wangu unajua njia.

Jumamosi, 14 Novemba

Mashavu ya Hepsy yamekubali. Pengo nimeliacha, midomo imefunguka kidogo. Maharage yameungua kwa sababu Achsah alikuwa dirishani akimchungulia mgeni wa mjane jirani yetu.

Alhamisi, 26 Novemba

Siku ya Shukrani. Bata mzinga, pai mbili, mahubiri yasiyokwisha. Mchungaji aliziombea nyumba mbili za mtaa wa juu zilizoingiwa na ugonjwa wa koo. Watu waliitikia amina upesi wakaenda kula, na mimi nikiwa mmoja wao.

Jumatano, 2 Desemba

Nyumba mbili zimekuwa tisa. Huanza na homa, kisha koo huota utando wa kijivu, kisha mtoto hapati pumzi. Mtoto wa mwoka mikate alikufa juzi, binti wa fundi mapipa jana. Nimeitwa kote kuwili.

Wasioijua kazi hii hudhani ugumu wake ni maiti. Maiti hatikisiki. Ugumu ni macho. Hakuna mama anayetaka picha ya mtoto aliyefumba macho, kwa hiyo nayafungua, pale juu ya kibamba chembamba cha pembe ya ndovu ninachochorea, na lazima niulize yalikuwa ya rangi gani. Baba husema "ya bluu," halafu humtazama mkewe. Mama hujibu kabla sijamaliza kuuliza: ya bluu, lakini la kushoto lina doa la kahawia kwa chini. Naliweka doa. Kisha huitazama picha na kulia na kusema, huyo ndiye. Mimi najua siye, maana mtoto huyo hajawahi kunitazama. Nasema ndiyo, ndiye. Ndiyo kazi yenyewe.

Jumatatu, 7 Desemba

Waliokufa ni kumi na mmoja sasa. Nimechora sita. Vidole vinanuka siki ninayonawia.

Alhamisi, 10 Desemba

Lois Thurlow amekufa alfajiri.

Nilimkuta amelazwa chumba cha wageni, dirisha wazi, uso umeoshwa. Siku nne tu. Jumapili nilimwona kanisani akimkanyaga Hepsy mguu ili asisinzie. Bi Dorcas alikuwa amekaa kando ya kitanda na kofia yake kichwani kana kwamba yuko safarini. Hakuniuliza chochote wala sikumuuliza rangi ya macho. Macho ya Lois nayajua.

"Kapteni anayo sura yake," alisema baadaye. "Mimi sina. Nilikuwa naye mwenyewe, ningetaka picha ya nini?"

Anataka kidani cha kuvaa: mbele uso wa Lois, nyuma kaburi na mti, vichorwe kwa nywele zake. Alikata fungu refu, mkono mzima, akanipa kwenye karatasi, nami nimeiweka kwenye sahani ya kushoto.

Nilipokuwa nachora, Hepsy aliingia bila kutumwa. Walimkataza asiingie, lakini nani alikuwa na nguvu za kumkataza mara ya pili? Alisimama karibu na kiwiko changu.

"Nani anamshika kichwa?"

"Hatikisiki, mwanangu."

"Mimi naweza kumshika. Mikono yangu ni safi."

Nilimwambia asubiri mlangoni. Nimechora wafu wengi na sijawahi kulia kazini, kwa sababu chozi likidondokea pembe ya ndovu huondoa kila kitu. Leo ilibidi nisogeze kiti nyuma.

Jumamosi, 12 Desemba

Baridi kali. Maji yameganda kwenye kikombe cha brashi ingawa nayatilia ramu. Dirisha la kaskazini limeota barafu kwa ndani. Mimi na Achsah tumeiburura meza karibu na moto, na sasa nakaa upande wake wa pili ili moto uwe mgongoni. Sahani zimebaki zilipokuwa juu ya meza. Kazi zilizotangulia zimekwisha na wenyewe wamechukua mabaki ya nywele. Kila sahani ina karatasi moja tu. Nimeacha kazi kabla jua halijatua, Sabato ya Jumapili isinikute na brashi mkononi.

Alhamisi, 17 Desemba

Nimemaliza upande wa nyuma wa kidani cha Lois. Kishungi kilikuwa kidogo kuliko nilivyokumbuka, au nimechoka. Nimekisaga chote ili rangi itoshe. Kaburi limekaa vizuri. Mti pia. Ni kazi nzuri kuliko zote nilizofanya mwaka huu, na nimeona haya kuifurahia.

Jumamosi, 19 Desemba

Bi Dorcas alikipokea kidani kwa mikono miwili. Alitazama uso, akageuza, akapitisha kidole juu ya kioo mahali palipo na kaburi. "Kwa hiyo yumo humu," akasema. Nikamwambia yumo. Alimwinua Hepsy akamwambia ampe dada yake busu la usiku mwema, ingawa ilikuwa mchana. Hepsy akambusu.

Ugonjwa umepumzika. Wiki nzima hakuna kengele ya msiba.

Ijumaa, 25 Desemba

Waanglikana wamekula Krismasi yao. Sisi wengine, ambao kanisa letu haliitambui sikukuu hii, tumepasua kuni.

Jumatatu, 4 Januari 1802

Nataka kuandika jambo hili kwa utaratibu, kwa sababu kichwa changu hakina utaratibu.

Baada ya uji nilikaa nifanye nywele za Hepsy, kitu kidogo tu kwa nyuma ya picha yake. Mkono wa kulia ulikwenda kwenye sahani ya kulia, ukachukua karatasi. Nilipoikunjua nywele zilimwagika. Zilishuka kutoka mezani hadi gotini pangu. Nilizitazama nikafikiri, zimekua. Naapa nilifikiri hivyo, kwamba nywele zimekua ndani ya karatasi.

Hepsy hana nywele za urefu huo. Hepsy alinyolewa.

Niliinuka nikazunguka meza, nikasimama pale nilipokuwa nakaa zamani, upande wa dirisha. Nikanyoosha mikono. Ndipo nikaona. Tulipoiburura meza, mimi nilihama upande na sahani hazikuhama. Kushoto kwangu kukawa kwa walio hai. Na mkono wangu, huo unaojua njia, ulikwenda kushoto kama ulivyozoea, ukachukua nywele za mtoto anayepanda ngazi mbio, nikazisaga zote, nikamchorea nazo kaburi.

Na Bi Dorcas analivaa.

Nimekaa mpaka moto ukazimika. Achsah aliponiuliza nina nini nikamwambia tumbo.

Jumanne, 5 Januari

Nimemwambia Achsah. Alikuwa anakanda unga na mikono yake ikasimama.

"Chote umekisaga? Hata unywele haukubaki?"

"Chote."

"Nilikwambia uandike majina."

"Umeniambia mara elfu. Hii isiwe ya elfu na moja."

Alirudi kukanda, akipiga unga kwa hasira. "Mama alikuwa akisema nywele za mtu aliye hai zikiwekwa chini ya jiwe, mwenyewe hufuata."

"Mama alisema pia damu ya kuku mweusi huponya surua. Ulipona surua kwa damu ya kuku?"

"Nilipona."

"Ulipona kwa sababu ulikuwa na kichwa kigumu tangu utotoni!"

Hakucheka. Akasema nifunge mdomo. Bi Dorcas hajui, mtoto mzima, kapteni yuko baharini. Kwa nini nikachokoe nyuki waliolala? Nisuke za Lois, nizipunguze urefu, niziweke nyuma ya picha ya Hepsy, basi. Rangi ni moja. Nilimwambia mimi si tapeli. "Hata kidogo?" akasema.

Jumamosi, 9 Januari

Nimekwenda kwa Bi Dorcas. Nilipanga kuomba kidani kwa siku tatu, nifute kaburi, nisage nywele za kweli, nichore upya, nirudishe. Nani angejua? Nikamwambia nta ya pembeni mwa kioo haikushika, unyevu unaweza kuingia ukaharibu rangi.

"Haingii," akasema, akakifunika kwa kiganja. "Nalala nacho. Kitatoka siku nitakayotoka mimi."

"Siku mbili tu, Bi Dorcas."

"Bi Tirzah, nakupenda, lakini usiniombe tena."

Hepsy alikuwa chini ya meza na mwanasesere. Alitoa kichwa akanieleza, kama mtu anayetoa siri ya biashara, kwamba kila jioni anambusu Lois, lakini habusu upande wa uso. "Ule unanitazama. Mimi nabusu upande wa mti."

Nilirudi kwa njia ya mtoni ili nisikutane na mtu.

Ijumaa, 15 Januari

Theluji. Kengele imelia tena, mtaa wa juu.

Jumatano, 20 Januari

Hepsy ana homa.

Alhamisi, 21 Januari

Nimehamia kwa Bi Dorcas kumsaidia. Majirani wenye watoto wanaogopa kuingia na siwalaumu. Nachemsha maji, nabadili shuka, nashika bakuli. Siamini maneno ya Mama. Ninayaandika hapa niyaone kwenye karatasi: siyaamini. Watoto thelathini wameugua mji huu na hakuna aliyesagiwa nywele zake.

Lakini kila Bi Dorcas anapoinama juu ya kitanda, kidani kinaning'inia juu ya uso wa mtoto, upande wa kaburi chini, na mimi nakisogeza.

Jumamosi, 23 Januari

Utando umeonekana kooni. Daktari Eaton amekuja asubuhi, amemtoa damu, amemwekea siki na chumvi. Ameagiza anyolewe kichwa kupunguza homa, na nywele na matandiko vichomwe.

Mimi ndiye niliyeshika beseni. Zilikuwa zimeanza kurefuka tangu Novemba, nyepesi kama manyoya ya kifaranga. Nilijua ninachotakiwa kufanya: kuchukua fungu dogo, kulitia mfukoni. Lakini katika mji huu hakuna anayekata kishungi cha mgonjwa. Kukiomba ni kumwambia mama yake umekata tamaa, na kila mtu anaijua kazi yangu. Bi Dorcas alikuwa ananiangalia mikono. Angeniona.

Nikazimimina zote motoni. Zilinuka nyumba nzima.

Jumatatu, 25 Januari

Anapumua kwa sauti ya msumeno. Jioni kwenye mwanga wa mwisho alifungua macho akamtafuta mama yake, akakivuta kidani, akageuza upande wa mti. Midomo haikufika.

Jumatano, 27 Januari

Hepsy. Saa nne asubuhi.

Sikuchora. Picha yake ipo.

Ijumaa, 29 Januari

Ardhi ni chuma, haichimbiki. Wamemweka kwenye chumba cha mawe karibu na kanisa, pamoja na Lois na wengine, wangoje barafu iyeyuke. Bi Dorcas alitembea peke yake mbele ya watu wote. Nimerudi nyumbani. Nimetazama ile karatasi mezani na sijaigusa.

Jumatatu, 8 Februari

Bi Dorcas amekuja leo saa sita, mwanga ukiwa mzuri. Alikaa kwenye kiti kilekile alichokalia Hepsy. Kidani kilikuwa juu ya shali nyeusi.

"Picha ya Hepsy iko tayari?"

Nilimpa. Aliitazama sana, akagusa mdomo kwa ncha ya kidole.

"Umeliacha pengo."

"Nimeliacha."

"Siku ile nilitaka nikwambie ulizibe, aonekane vizuri kwa baba yake. Namshukuru Mungu sikusema." Akaigeuza. Nyuma hapakuwa na kitu. "Na nywele?"

Nilianza kupanga brashi.

"Zile nilizokata Novemba. Ndizo zilizobaki, Bi Tirzah. Nimetafuta kwenye mto, kwenye kofia yake, kwenye kitana, hakuna hata unywele mmoja. Ziweke sasa hivi, nataka nikuone ukiziweka."

Karatasi ilikuwa katikati yetu. Ndani yake nywele za Lois, rangi ileile. Nilichotakiwa kufanya ni kuzikata urefu wa kidole na kuanza kusuka. Achsah alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa cha sahani, akinitikisia kichwa: usiseme, usiseme. Nilikuwa sijalala vizuri tangu tarehe nne Januari. Nilifikiri, nikisuka nywele hizi sitalala tena maisha yangu yote.

"Bi Dorcas," nikasema, "hizi si za Hepsy."

Nikamwambia yote. Meza, moto, upande wa pili, mkono wangu. Nikamwambia hata habari ya nta, kwamba nilimdanganya. Nilikuwa nasema haraka kama mtu anayetapika, na nakiri hapa kwamba kadiri nilivyosema ndivyo kifua kilivyokuwa chepesi.

Hakupiga kelele. Alikivua kidani, mara ya kwanza tangu Desemba, akakilaza kiganjani upande wa nyuma.

"Kwa hiyo huyu hapa ni Hepsy."

"Ndiye."

"Alikuwa akibusu kaburi lake mwenyewe. Na mimi namwinua alifikie."

"Nisamehe. Yale wanayosema watu kuhusu nywele za aliye hai, Bi Dorcas, si kweli, mimi si…"

"Nyamaza. Mwanangu ameuawa na koo. Usijipe ukubwa."

Nikaikunja ile karatasi.

"Nakuuliza jambo moja tu," akasema. "Kwa nini umeniambia?"

"Kwa sababu ni kweli."

"Kweli!" Hapo ndipo sauti yake ilipopanda. "Lois alikufa amefumba macho, wewe ukayafungua. Binti wa fundi mapipa ukamfungua macho, wa mwoka mikate ukamfungua. Mji mzima tumevaa uongo wako shingoni na tumekushukuru kwa machozi. Nimekuja hapa siku moja tu, siku moja, nahitaji unidanganye, na leo ndiyo umekuwa mtakatifu?"

"Sikuweza…"

"Uliweza. Ungekata hizo ukaziweka. Ningezibusu mpaka nife, nisijue. Umeniambia ili ulale wewe." Akainuka. "Haya, lala."

Aliacha vyote viwili mezani, kidani na picha, akatoka kichwa wazi kwenye theluji. Achsah alimkimbilia na kofia yake mpaka kwenye kona. Aliporudi alining'inizia shali yangu begani.

"Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi," akasema, lakini kwa upole, na hiyo iliniuma zaidi.

Nimeandika haya yote na bado mwanga upo. Bi Dorcas ana haki. Mzigo ulikuwa wangu, nikautoa kifuani mwangu nikaushusha juu yake, mwanamke aliyekuwa ameshabeba watoto wawili. Na niliita hiyo kweli.

Jumanne, 9 Februari

Usiku nimelala fofofo. Nimejichukia.

Jumamosi, 20 Februari

Nilingoja mji mzima unigeuzie mgongo. Hakuna aliyenigeuzia. Bi Dorcas hajamwambia mtu. Mke wa mwoka mikate amekuja kunishukuru tena kwa lile doa la kahawia; asema mumewe sasa naye analikumbuka, kana kwamba alilijua siku zote. Nilimkaribisha chai. Sikuweza kumtazama usoni.

Jumatano, 3 Machi

Nimejaribu kumchora mwana wa hakimu, mzima, mashavu mekundu. Aliniuliza kwa nini nazungukazunguka meza kabla ya kukaa.

Jumatano, 17 Machi

Barafu ya mtoni imepasuka. Wamechimba makaburi juzi na jana, wamefungua chumba cha mawe. Tulisimama wengi. Nilimsalimu Bi Dorcas. Alipita.

Jumatatu, 29 Machi

Meli ya Kapteni Thurlow iliingia Ijumaa. Rubani anayeziongoza meli mdomoni mwa mto ndiye aliyempa habari, kabla hajashuka. Wanasema Kapteni alimwomba ayataje tena majina, akidhani amechanganya nyumba.

Leo wamekuja pamoja. Kapteni amekuwa mweusi kwa jua, na nusu ya ndevu ni nyeupe. Alivua kofia akabaki ameishika, mtu mkubwa kiasi kile hajui akae wapi. Bi Dorcas alisimama karibu na mlango.

"Mke wangu asema umemchora mdogo," akasema. "Alisema pia kuna kidani cha Lois, kilikuwa kinatengenezwa."

Nilivitoa. Kidani alikitazama na kuitikia kwa kichwa taratibu, kwa sababu uso huo anaujua. Picha ya Hepsy aliishika kwa vidole viwili akaenda nayo dirishani, akaigeuza huku na huku. Kisha alisema jambo ambalo sikuwa tayari kulisikia.

"Simkumbuki. Nilipoondoka alikuwa wa miaka mitatu, bado anafungwa kamba kiunoni. Ningekutana na mtoto huyu njiani ningempita." Alikohoa. "Jino lilikuwa limeng'oka?"

"Wiki ile ile, Kapteni."

"Alikuwa anacheka?"

"Alikuwa anabishana."

Alicheka, na kicheko kikamgeukia akawa analia, kwa sauti, bila kujificha. Bi Dorcas hakumsogelea. Alikuwa ananitazama mimi.

"Niliomba nywele zake," Kapteni akasema alipoweza. "Niliandika kwenye barua. Zipo?"

Karatasi ilikuwa mezani. Niliifungua nikiwa nimewapa mgongo, nikapunguza urefu kwa mkasi, nikakaa, nikasuka kwa nyuzi tatu mbele ya macho yake. Mikono haikutetemeka. Nililaza suko nyuma ya picha, nikafunika kioo, nikabana ukingo, nikampa.

"Hizi ndizo zake?" aliniuliza. "Zilikuwa na rangi hii hasa?"

"Ndizo zake, Kapteni. Alikatwa akiwa amekaa kwenye kiti hicho hapo."

Alizibusu. Kisha alichukua kidani, akamwendea mkewe, akasema, "Njoo nikuvalishe Lois." Bi Dorcas aliinamisha kichwa akavalishwa. Alisimama wima, akakigeuza kwa kidole ili kaburi lilale kifuani, upande wa ndani, na akaacha mkono hapo.

Kapteni alitangulia kushuka ngazi. Bi Dorcas alibaki kizingitini akifunga vifungo vya koti, kimoja kimoja.

"Kwangu umechelewa, Tirzah," akasema.